Nimetumwa na Babu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto kama vile ndiyo kwanza nimetukanwa. Wala si siku ya zamani. Ni mwaka jana tu, mvua za vuli zikiwa hazijaanza. Na nikuambie mapema, usije ukasema babu alinificha: siku hiyo aliyeaibika ni mimi, na aliyenikanya ni binti mdogo ambaye yeye na viatu vyangu vya kanisani nadhani wanalingana umri.

Kwanza unijue. Mimi naitwa Kulwa. Nakaa Kirumba, kule juu kwenye mawe, nyumba ambayo mgeni akiifikia anaomba maji kabla ya kusalimia. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kazi ya mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikastaafu. Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa nyumbani kiasi kwamba kuku wananihesabu mwenzao. Nina kiti changu cha plastiki barazani. Kimeshajipinda kikachukua umbo langu. Mtu mwingine akikikalia anaamka na mgongo. Mke wangu husema siku nikifa hawatapata taabu ya kunitafuta. Sokoni anakwenda yeye, kwenye vikao vya shule anakwenda yeye, misibani anakwenda yeye na kunisingizia homa. Mimi kazi yangu ni redio, na kuwasema wanaopita.

Sasa, binti yetu wa mwisho, Nyanzala, alikuwa amepata mchumba. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wavuke na kivuko kutoka Kamanga siku ya Jumamosi, waje kuzungumza habari ya mahari. Wageni wa namna hiyo huwezi kuwapa chai tupu. Watarudi kwao Sengerema wakisema binti mwenyewe tuliwasukumia. Mke wangu akashuka Mwaloni kuchagua sangara, kazi ambayo mimi nilishafukuzwa, maana mara ya mwisho niliyotumwa samaki nilirudi na dagaa. Nikaachiwa vinywaji.

"Nenda na Minza akuonyeshe njia," akaniambia. "Usije ukaishia Musoma."

Minza ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu mkubwa anayefanya kazi Geita. Tangu aanze sekondari anakaa kwetu. Wakati huo alikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na sita, mpole, mwepesi wa kuosha vyombo. Babake alinikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Baba, huyu nakuachia wewe." Nikajibu, "Hapa amefika." Nilijibu nikiwa nimekaa, kama kawaida yangu.

Tukiwa tunashuka mawe, Minza akaniambia, "Babu, twende ile supamaketi ya Nyakato. Hii ya mjini hawana bei nzuri."

"Nyakato yote hiyo, kwa magoti ya nani?"

"Tutachukua bajaji, babu."

"Tutachukua bajaji mpaka mjini, basi."

Mimi nikajisemea moyoni, tazama mtoto alivyo na huruma na mfuko wa babu yake. Nikafurahi kabisa, mwanangu. Nilifurahi kama mjinga.

Pale supamaketi, nje kando ya mlango, kuna benchi. Nikalikalia papo hapo. Kwetu mtu mzima habebi kikapu mjukuu akiwepo. Watu watauliza kama mmegombana. Nikampa Minza hela na maelekezo: bia za makopo makasha mawili, mvinyo mtamu wa akina mama chupa mbili, soda za watoto. Akaingia. Nikanyoosha miguu nikaanza kuwasema wanaopita, maana kazi hiyo naifanya popote.

Akarudi na kikapu kitupu. "Babu, wamekataa. Twende kwingine."

"Wamekataa nini?"

"Kuniuzia. Wanasema mimi mtoto."

"Si ungewaambia umetumwa?"

"Nimewaambia."

"Umewaambia umetumwa na nani?"

"Na wewe, babu."

"Na bado wakakataa?"

Mwanangu, nilishtuka. Kama wewe umezaliwa juzi hutaelewa, ngoja nikueleze. Sisi tulilelewa kwamba mtoto aliyetumwa si mtoto tena. Ni miguu ya mkubwa aliyemtuma. Mzee yeyote wa kijiji angeweza kukuita njiani, hujui hata jina lake, akakutuma tumbaku kwa jirani, nawe ukakimbia. Na ukifika unasema neno moja tu, "Nimetumwa," unapewa. Hakuna aliyekuuliza una miaka mingapi. Kumkatalia aliyetumwa ilikuwa sawa na kumpiga kofi aliyetuma. Kwa hiyo mimi, nikiwa nimekaa kwenye benchi langu, nilikuwa nimepigwa kofi na mtu ambaye hata sijamwona.

Nikainuka. Na mimi kuinuka si jambo la kila siku.

Mlango ukafunguka wenyewe, nikasema "asante," nikasikia mtu anacheka. Hasira zikaongezeka. Minza alikuwa nyuma ananivuta shati. "Babu, tuache. Babu, twende tu." Nikamwambia anyamaze, leo atajua babu yake ni nani.

Kwenye kaunta alikaa binti mwembamba, amefunga nywele, kifuani ana kibandiko cha jina: Koku. Jina la Kihaya. Vitu vyangu alikuwa ameviweka pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," nikaitikia, maana hata nikiwa na hasira siwezi kuiacha shikamoo ya mtu inaning'inia. "Wewe ndiye umemkatalia mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu. Pombe hatumuuzii mtu ambaye hajafika miaka kumi na minane." Akanionyesha kibao ukutani, maandishi makubwa mekundu.

"Kwani anakunywa yeye? Ninayenunua ni mimi. Huyu ni miguu yangu tu."

"Sawa, babu. Kama umekuja mwenyewe, hapa hapa nakuuzia."

Jibu zuri kuliko hilo lingetoka wapi? Mtu mwenye akili angelipa, akasema asante, akaenda zake. Lakini mimi sikutaka kuuziwa. Nilitaka amuuzie Minza, hela itoke mkononi mwa Minza, mbele ya macho yangu, ili heshima yangu irudi mahali pake. Nikatoa kitambulisho changu cha taifa nikakibamiza kwenye kaunta.

"Soma! Soma mwaka huo. Babako alikuwa hata hajabebwa mgongoni."

"Babu, umri wako nauona," akasema kwa upole. "Ninaoulizia ni wa huyu."

Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshakuwa ndefu. Mama mmoja mwenye kitenge, kashika mfuko wa samaki unaochuruzika, akapaza sauti: "Mzee, miguu yako si umeshakuja nayo mwenyewe? Lipa basi tupite!"

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo nikapoteza kichwa. Nikasema, tena kwa sauti ambayo nilikuwa sijaitumia tangu nikiwa kwenye mizani ya pamba:

"Huyu mimi namtuma siku zote! Nimemtuma jana, nimemtuma juzi, na kesho nitamtuma! Niitie meneja. Leo kazi utaiacha."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa sijawahi kumtuma Minza pombe hata siku moja. Mimi mwenyewe kinywaji sikigusi, sababu utaisikia sasa hivi. Nilisema tu, kama mtu anavyojaza maneno akiona anashindwa.

Koku hakucheka wala hakukasirika. Alimtuma mwenzake akamwite meneja, halafu akaninamia juu ya kaunta, akashusha sauti ili foleni isisikie.

"Kwa hiyo, babu, hata Jumatano iliyopita ulimtuma wewe?"

"Jumatano ipi?"

"Alikuja na wenzake wawili, wamevaa masweta juu ya sare. Alitaka chupa ndogo tatu za pombe kali. Akasema ametumwa na babu, na babu yuko nje kwenye gari, magoti yanamsumbua. Nikamwambia anisubiri, nikatoka nje kuangalia. Hapakuwa na gari. Niliporudi walikuwa wameshaondoka."

Nikakohoa. "Labda umemfananisha."

"Sijamfananisha. Wenzangu wa zamu nyingine wananiambia wao walishamuuzia, zaidi ya mara moja. Kila akija anasema hivyo hivyo. Nimetumwa na babu."

Mwanangu, nimewahi kumwagiwa maji ya baridi, nimewahi kuumwa na nge. Havikunifanya hivyo. Niligeuka nikamtazama Minza. Alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili. Hakukana. Alinitazama tu, na macho yale yalikuwa yananiomba kitu kimoja: babu, sema ndiyo.

Na kusema ndiyo ilikuwa rahisi mno. Nilikuwa nimeshasema mwenyewe, mbele ya watu kumi na wawili, kwamba namtuma siku zote. Nikishikilia hapo hapo, heshima yangu inabaki, mtoto wangu haaibiki, binti wa watu ndiye anaonekana mchokozi. Tunaenda nyumbani, tunapokea wageni.

Lakini macho yale niliyajua. Yalikuwa yangu.

Sikiliza. Kule Magu nilikozaliwa tulikuwa pacha, mimi na ndugu yangu Doto. Jirani yetu mmoja, mama Ngollo, alikuwa anapika pombe ya mtama. Baba alikuwa akitutuma kwake, na mimi ndiye niliyekuwa msemaji, kwa sababu nilizaliwa na uso wa mtu mzima. Nikifika napiga goti: "Shikamoo mama. Nimetumwa na baba." Kibuyu kinajazwa. Njiani Doto anaonja. Mimi nikionja naona uchungu, natema. Yeye haoni uchungu. Siku zikaenda, tukawa tunakwenda hata baba hajatutuma. Tunampelekea mama Ngollo mayai ya kuku wa mama, tunasema yametoka kwa baba. Mimi pombe sikuitaka, nikuambie ukweli. Nilichopenda ni lile neno. Lilikuwa linafungua milango kuliko ufunguo. Mtoto wa miaka kumi na minne, nasema neno moja, mtu mzima anainuka!

Basi baba akaugua, akalazwa hospitali huku Mwanza. Wiki ya pili akiwa kitandani, Doto akanisumbua twende. Nikaenda. "Shikamoo mama. Nimetumwa na baba."

Mama Ngollo alikuwa ameshika kata. Akasimama. Alijua baba hayupo. Wiki ile ile alikuwa ametoka kumpa mama pole. Alinitazama mpaka nikaanza kusikia jasho linatembea mgongoni. Nami nikamtazama, nikamwomba kwa macho: mama, niamini.

Akajaza kibuyu.

Hakusema kitu. Si desturi kumwambia mtoto wa mtu kwamba anadanganya, hasa baba wa mtoto akiwa mgonjwa. Alinionea aibu, akaninyamazia, akanijazia. Na mimi nikatoka pale nikijua kwamba hakuna mtu duniani atakayetuzuia.

Doto hakuzuiwa. Alikunywa ujana wake wote, akanywa shamba aliloachiwa, akamaliza na afya yake. Alianguka njiani akitoka kilabuni, hakuamka. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Sisi pacha watu walikuwa hawatutofautishi, lakini mimi nina mvi na yeye hajawahi kuziota. Nilipoinua udongo wa kumtupia kaburini nilimwona mama Ngollo upande wa pili, ameshazeeka, anatazama chini.

Yote hayo yalinipita pale kaunta, mwanangu, kwa muda ambao mtu anatumia kutoa pochi mfukoni. Koku alikuwa anasubiri. Minza alikuwa anasubiri.

"Sikumtuma," nikasema.

Sauti haikutoka vizuri. Ikabidi nirudie.

"Sikumtuma. Sijawahi kumtuma. Nilichosema sasa hivi ni uongo."

Minza akaweka kikapu chini, akafunika uso. Na hapo hapo meneja akafika, kijana wa shati jeupe, ameshajiandaa kwa maneno matamu. "Samahani sana, mzee wangu. Huyu dada bado mgeni kazini. Tutamchukulia hatua."

"Ukimchukulia hatua huyu," nikamwambia, "utanikuta mlangoni kwako kila asubuhi, na mimi si mtu wa kutoka nyumbani, kwa hiyo ujue nimekusudia. Huyu alitoka nje kuangalia kama nipo. Wengine wote humu walikubali tu kwamba nipo."

Meneja hakuelewa. Sikumlaumu. Nikamlipa Koku, nikamwomba radhi mbele ya foleni ile ile niliyomtishia mbele yake. Akasema, "Yameisha, babu." Halafu akainamisha macho, nikaona kumbe naye alikuwa anatetemeka. Binti wa watu alikuwa anaogopa muda wote huo, na bado hakuniuzia.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi. Minza alilia mpaka kwikwi ikamshika. Sikumpiga, sikumfokea, ningeanzia wapi? Alipotulia nikamuuliza ilianza lini. Akasema tangu muhula uliopita. Wanakutana wanne baada ya masomo ya jioni, mmoja anatumwa kununua, na wenzake walimchagua yeye kwa sababu akisema watu wanamwamini. Uso wa mtu mzima. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Na kwa nini babu?" nikamuuliza. "Kwa nini hukusema bibi, au baba?"

Akajipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Bibi watu wanamjua. Yuko sokoni, yuko kanisani, wangemuuliza. Wewe, babu..." akasita.

"Sema."

"Wewe hutoki. Nilijua hakuna atakayekuona akuulize."

Mwanangu, siku ile nilishtuka mara nyingi, lakini hilo ndilo lililonikalisha chini nikiwa nimeshakaa. Kile kiti changu, nilichokuwa nakifanyia mzaha mbele ya kila mgeni, ndicho alichojifichia mtoto niliyekabidhiwa. Nilikuwa nimeingia kwenye kila duka la pombe mjini bila kutoka barazani.

Makasha mawili ya bia na chupa za mvinyo nikavibeba mwenyewe kupanda mawe ya Kirumba. Minza akabeba soda tu. Majirani wakatoka. "Mzee Kulwa! Mjukuu yupo na umebeba wewe? Mmegombana?" Nikawaambia, "Tumepatana." Nikapumzika mara tisa.

Wageni walikuja, wakala sangara, mambo yakaenda vizuri. Baada ya wiki ile nilimpigia babake Minza nikamwambia yote, pamoja na sehemu yangu. Nisikudanganye kwamba siku hiyo ilimaliza kila kitu. Mwezi uliofuata Minza alirudi nyumbani siku moja mdomo unanuka peremende kupita kiasi, na mimi harufu hiyo naijua inaficha nini. Siku hizi masomo ya jioni yakiisha ananikuta kwenye geti la shule, na fimbo yangu na kofia yangu. Mwanzoni aliona aibu, wenzake wakimtania kwamba ameletewa mlinzi. Sasa ananinunulia karanga tukirudi. Imepita miezi saba mizuri. Naihesabu mmoja mmoja. Kiti changu kimeanza kunyooka.

Basi mwanangu, shika haya. Pombe, ukiitaka na umri unao, inuka uifuate mwenyewe. Usimtume mtoto, hata kama yuko karibu na mkono wako ni mzito. Unachomfundisha si njia ya dukani, unamfundisha neno. Mtoto akikwambia ametumwa, usione haya kuuliza na nani, na ukiweza toka nje ukaangalie. Atakununia, mzazi wake atakutukana, pengine mzee mmoja mwenye kitambulisho atakubamizia kaunta. Vumilia. Nakwambia mimi niliyenyamaziwa, nikamzika ndugu yangu. Na wewe ambaye bado hujafika umri, ukiulizwa miaka yako usione umedharauliwa. Mtu anayekuuliza amekuona. Wanaokupa bila kukuuliza ndio hawajakuona.

Na siku ukiwa mzee mwenye nyumba, usikae sana. Watoto wako wawe na hofu kidogo kwamba unaweza kutokea kona yoyote.

Mungu akujalie kila utakaposimama kwenye kaunta, akuweke mbele ya mtu asiyeogopa kukukatalia. Akupe miguu ya kutoka nyumbani wakati wake. Akuoteshe mvi, zile ambazo Doto hakuzipata, na siku jina lako likitajwa mahali ambapo hupo, liwe limetajwa kwa ukweli. Nenda salama, mwanangu. Mimi saa imefika, kuna mtu ananisubiri getini.